Dereva Aliyelilainisha Gari

Pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwetu wauguzi, kwa Bwana Mganga aliyekisimamia kituo, kwa wafagiaji na kwa wagonjwa, alikuwa Dereva tu. Vikongwe wa vijijini, ambao Kinyakyusa chao hakina haja na herufi r, walimwita Deleva. Yeye mwenyewe akijitambulisha kwa mgeni alisema, "Mimi ndiye Dereva," na lile "ndiye" alilitia uzito kana kwamba nchi nzima ilikuwa na mmoja. Nilifanya naye kazi miaka mingi, yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma na mgonjwa. Mpaka leo mtu akitaja dereva bila kusema wa nani, ninayemwona ni yeye: shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, kofia ya kufuma, na kitambaa cha kufutia kioo kikining'inia mfuko wa nyuma kama leso ya bwana harusi.

Kituo chetu cha afya kilikuwa upande wa Mwaya, kwenye tambarare ya mpunga kando ya ziwa, mahali ambapo masika maji hayajui mpaka kati ya shamba na barabara. Hospitali ilikuwa Kyela mjini. Katikati palikuwa na madaraja ya magogo, mizizi ya miembe iliyovuka njia, na mashimo ambayo kiangazi yaligeuka kuwa matuta magumu kama saruji. Ilikuwa miaka ile serikali ilipolegeza mambo ya biashara. Maduka yaliyozoea kuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na mafuta ya kupaka, na pikapu zilizokwisha kutumika Japani zilianza kupita zimebeba mchele kwenda Mbeya. Vitu vilifunguka. Barabara yetu ndiyo iliyobaki vilevile.

Gari la kituo lilikuwa kuukuu, refu, la aina ile ya kupanda milima na kuvuka mito, lililotengenezwa kwa ajili ya mizigo mizito. Lilikuwa na nguvu ajabu. Halikuwahi kukwama mahali ambapo Dereva hakuweza kulitoa. Lakini lilikuwa gumu. Springi zake zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopangana moja juu ya jingine, mengi, na bila mzigo wa kuyakandamiza hayakukunjika hata kidogo. Gari likikanyaga jiwe, jiwe lile ulilipata mgongoni. Nilikuwa nikifika Kyela nimeng'ata ulimi. Na mimi nilikuwa mzima.

*

Alikuwa na ulimi mkali kwa watu wenye afya zao. Mwenye baiskeli aliyeziba njia na mikungu ya ndizi aliambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mfagiaji aliyeegemea gari huku anapiga soga aliulizwa kama nyumbani kwao hakuna ukuta. Kiongozi mmoja wa kijiji, mtu mwenye tumbo na fimbo, alisimama siku moja katikati ya barabara akinyoosha mkono apewe lifti mpaka mjini. Dereva alisimamisha gari, akashusha kioo, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nina kikao."

"Basi Mungu akuzidishie afya," akasema, akapandisha kioo, akaondoka. Mzee yule alishtaki mpaka kwa Bwana Mganga, na Bwana Mganga, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, akamwita Dereva amwonye. Nilikuwa chumba cha pili nafunga bendeji. Nilimsikia Dereva akijibu kwamba siku mzee huyo atakapougua, atabebwa vizuri kuliko waziri.

Mgonjwa akishalazwa kwenye machela, sauti ilibadilika. Kiswahili chake cha nyumbani, kile cha watu wa duka wenye asili ya pwani, kilimtoka taratibu na kwa upana. "Mama, sasa tunashuka mtoni. Utahisi miguu inapanda juu kidogo. Usishike chuma, nimekushika mimi." Alikuwa mbele, mikono yake yote miwili iko kwenye usukani, lakini wagonjwa walimwamini, wakaachia chuma.

Alijipenda, na hakuona haya kujipenda. Jumapili, sisi tukitoka kanisani, tulimkuta ameliegesha gari kando ya njia, analiosha kwa ndoo ya maji ambayo angeweza kuyapata karibu zaidi na nyumbani kwake. Sabuni ilikuwa imeshapatikana madukani, naye aliitumia bila huruma. Tukimsalimia, "Ugonile, Dereva," alijibu, "Nimelala vizuri, na yeye kalala vizuri," akimaanisha gari. Kisha alisubiri mtu alisifu. Asipotokea wa kulisifu, alilisifu mwenyewe.

Hapo hapo, mtu huyu aliyetukana wenye baiskeli na kuwanyima viongozi lifti alikuwa na woga wa sindano kuliko mtoto. Alipopata malaria alimeza vidonge vichungu siku zote alizotakiwa, lakini ukitaja sindano alikumbuka kwamba matairi yanahitaji kuangaliwa. Aliwahi kunitoroka akiwa na homa inayomtetemesha. Nilimkuta chini ya gari, amelala kwenye gunia, anajifanya anakaza bolti.

*

Aliyeyaanzisha yote ni mama mmoja wa Talatala.

Uchungu ulimshika asubuhi, ukaenda, ukasimama. Bwana Mganga alimpima akasema tusibahatishe, apelekwe Kyela. Tukamlaza kwenye machela, tukaondoka. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye mwili wa kazi za shamba. Nilishika bega lake. Kila gari liliporuka, nilihisi misuli yake inakaza kama kamba. Baada ya daraja la kwanza la magogo akafumbua macho.

"Mwambie asimame," akaniambia.

Nikagonga kioo cha nyuma ya kiti. Dereva akasimama, akazunguka, akafungua mlango.

"Vipi, mama? Mtoto anakuja?"

"Nishusheni nitembee."

"Mama, Kyela bado mbali."

"Najua Kyela ilipo. Gari lako linanipiga, baba. Heri miguu yangu."

Dereva alinitazama mimi, kana kwamba kulikuwa na dawa niliyosahau kumpa. Yule mama hakungoja tukubaliane. Alijiinua, akashuka kwa kushika mlango, akaanza kutembea. Nikamfuata, nikampa bega. Na nyuma yetu likaja gari, tupu, kwa mwendo wa miguu, Dereva ameukumbatia usukani na uso wake umekunjamana. Watu walitoka kwenye mashamba ya kokoa wakasimama njiani kututazama: mwanamke mwenye uchungu anatembea, na gari la wagonjwa linamfuata kama ng'ombe.

Hatukufika Kyela. Kutembea kuliufungua ule uchungu uliokwama, na mtoto alizaliwa kwenye nyumba ya wakulima wa kokoa, kwenye mkeka safi, nje kokoa ikianikwa juani. Msichana, mwenye sauti. Bibi wa nyumba ile alitoka uani akimtafuta Dereva ampe mkono. "Ndaga fijo, Deleva," akamshukuru, "ndaga fijo kwa kumleta." Dereva alipokea mkono. Macho yake yalikuwa kwenye magurudumu.

Tuliporudi, tukikaribia kituo, aliniuliza:

"Umesikia alivyosema? Gari langu linampiga."

"Alikuwa na uchungu, Dereva. Mtu mwenye uchungu husema lolote."

"Uchungu ulikuwa wake," akasema. "Kumpiga kulikuwa kwangu."

*

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Mganga kuomba ruhusa ya kulifungua gari. Bwana Mganga aliogopa. Hatukuwa na gari jingine, na gari lenyewe lilitembea. Kwa nini kufungua kitu kinachotembea? Dereva alimjibu kwamba hata punda anatembea. Mwishowe wakakubaliana: atalifanyia kazi wakati ambapo hakuna mgonjwa wa kupeleka, na akiitwa awe tayari kulifunga upesi.

Alianza na vitu vyepesi. Alipunguza upepo wa matairi, kidogo, kisha kidogo tena, akiyabonyeza kwa goti. Alichota mchanga wa ziwani akajaza magunia, akayalaza sakafuni nyuma, maana alisema gari hili limezoea kubeba, likiwa tupu linakuwa na hasira. Hilo pekee lilisaidia. Niliacha kung'ata ulimi. Lakini masika magunia yalilowana, gari likanuka kama mtumbwi, na matairi laini yakachomwa na visiki. Akayarudisha matairi kwenye upepo wa kati, akayatoa magunia akasema tutafute ugonjwa ulipo.

Aliukuta kwenye springi. Alizitoa, akazifungua bamba moja moja, akazipanga juu ya gunia kwa urefu wake. Alituita tuone. Yale mabamba yalitakiwa kuteleza moja juu ya jingine gari linapoinama. Badala yake kutu ilikuwa imeyashika yakawa kitu kimoja, sawa na reli. Aliyasugua kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa, akayapaka grisi. Akapunguza baadhi ya yale mafupi ya chini, yanayohitajika kwa mzigo mzito tu. Zile shokapu, bomba za mafuta zinazozuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya shimo, aliziona zimekufa zamani. Alipanda Mbeya kutafuta nyingine, akarudi na za pikapu ya Kijapani iliyopinduka, akazitengenezea mikono mipya kwa fundi wa kuchomelea ili zikae mahali pake. Pasipo ile miaka ya kufunguka kwa biashara asingezipata. Yeye alisema zilikuja kwa sababu yeye alizihitaji.

Mara ya kwanza alizidisha ulaini. Alitoa mabamba mengi mno, na gari likatoka kituoni likiyumba kama mtu aliyetoka pombeni. Kwenye shimo kubwa halikuruka tena. Lilizama mpaka chini na chuma kikagonga chuma kwa mshindo uliowarusha ndege kwenye mpunga. Safari hiyo hiyo bamba kuu lilipasuka, tukarudi tumeegemea upande mmoja. Watu wa Mwaya walicheka. Mwenye baiskeli mmoja, ambaye nadhani alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu, alitusindikiza pembeni mpaka kituoni akituuliza kama tunahitaji kusukumwa.

Dereva hakumtukana. Hilo ndilo lililonionyesha jinsi jambo hili lilivyomwingia. Alishuka, akalala chini ya gari na shati lake jeupe, akatazama mahali chuma kilipogongana. Siku chache baadaye alirudisha bamba moja kila upande, akabadili bushi, zile pete za raba za kwenye maungio, zilizolika, akafunga tena.

"Gumu linaumiza kwenye kila shimo," aliniambia akiwa ananawa grisi kwa unga wa sabuni. "Laini mno linaumiza kwenye shimo moja, lakini hilo moja ni la kuua. Natafuta katikati."

*

Katikati hiyo asingeweza kuijua akiwa kwenye usukani. Mbele gari lilikuwa na tabia nyingine na nyuma tabia nyingine. Aliniuliza mimi. Nilimwambia panauma, au pana nafuu, na majibu yangu hayakumtosha. Alitaka kulala mwenyewe kwenye machela. Lakini nani aendeshe? Madereva wa mjini hakuwaamini. Bwana Mganga hakujua hata kuwasha. Basi siku moja alinitupia funguo.

"Nesi, utajifunza."

"Mimi?"

"Wewe unajua mgonjwa anavyoumia. Mengine ni miguu na mikono."

Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Alikuwa mwalimu mbaya sana. Aliniambia kila kitu kwa mara moja, kisha akashangaa nikisahau. Nikizima gari alifumba macho kama aliyefiwa. Lakini hakuwahi kuniambia kwamba mwanamke hawezi, na katika Mwaya ya siku zile wengi waliniambia hivyo bila kuulizwa. Shemeji yangu mmoja alimfuata akamtaka aache kunitia aibu. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Wewe unajua kuendesha?" Shemeji akasema hajui. "Basi ngoja Nesi ajue, atakufundisha."

Nilipoweza kulipeleka gari barabarani bila kulitia mtaroni, alilala kwenye machela, akajifunika shuka mpaka kifuani ili apate hali yote ya mgonjwa, akaniamuru nielekee Makwale. Niliendesha kwa mwendo aliouagiza. Kutoka nyuma nilisikia sauti yake: "Hapo bega la kushoto. Hapo kiuno. Hapo sawa. Hapo sawa kabisa, rudi upite tena." Alifumba macho ili asikie vizuri, na hapo ndipo yalipotokea mambo.

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga waliona nesi anaendesha gari, peke yake mbele, uso umekakamaa kwa woga. Wakachungulia nyuma, wakamwona Dereva amenyooka, amefumba macho, shuka jeupe juu yake. Hawakuhitaji kuambiwa. Kilio kilianzia shambani kikatutangulia. Tuliporudi Mwaya tulikuta nyumbani kwake watu wamejaa, mabenchi yametolewa nje, na mzee mmoja wa msikitini ameshatuma mtu kuulizia sanda.

Dereva alishuka kwenye gari, shuka mkononi, akauliza nani kafiwa.

Baada ya zogo kutulia, alikasirika kwa muda mfupi, kisha akaanza kuulizia kwa furaha nani alilia na nani hakulia. Alimkuta mke wake jikoni akikuna nazi.

"Na wewe hukulia?"

"Nilie nini," mke wake akamjibu bila kuinua kichwa. "Ungekuwa umefia kwenye lile gari, ungekuja mwenyewe kulalamika."

Alilisimulia jambo hilo kwa kila mgonjwa aliyeweza kucheka.

*

Siku ninayoikumbuka kwa fahari kuliko zote ilikuwa ya Makwale. Mkulima mmoja, baba wa watoto wadogo, aliteleza juu ya mchikichi alipokuwa akikata chikichi, akaanguka kwa mgongo. Tulimkuta amelala pale pale alipoangukia. Ndugu zake walikuwa na akili, hawakumwinua. Bwana Mganga, aliyekuja nasi, alimgusa nyayo akamwuliza kama anahisi. Alihisi. Alimwomba achezeshe vidole. Vikacheza kidogo sana.

Bwana Mganga alituvuta kando, mimi na Dereva. "Mfupa umevunjika," akasema, "lakini mshipa wa fahamu bado mzima. Tukimfikisha Kyela hivi alivyo, anaweza kutembea tena. Akitikiswa vibaya mara moja tu, hatatembea. Dereva, unaweza?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Dereva akifikiri kabla ya kujisifu. Aliuliza, "Mvua imenyesha huko mbele?" Watu wakasema imenyesha, sehemu moja karibu na mto magari ya mpunga yamechimba mifereji. Akasema, "Naweza. Lakini kwa mwendo wangu."

Tulimfunga yule baba kwenye ubao, ubao kwenye machela, na machela tukaining'iniza kwa mipira ya ndani ya matairi ambayo Dereva alikuwa ameifunga kwenye fremu, ili isiguse sakafu. Ndugu mkubwa wa mgonjwa alipanda nasi. Tukaondoka, na sijawahi kuona gari likienda polepole namna ile. Kuku walitupita. Ndugu yule alivumilia kwa muda, kisha akaanza kugonga kioo.

"Kimbiza gari! Ndugu yangu anakufa!"

Dereva akasimama, akaja nyuma. Nilijiandaa kusikia matusi. Akamwambia kwa ile sauti ya wagonjwa, "Ndugu yangu, tazama uso wake. Usinitazame mimi wala barabara. Ukimwona amekunja uso, gonga, nami nitapunguza tena. Kazi yako ndiyo hiyo." Yule ndugu akakaa. Tangu hapo hakuyaondoa macho usoni pa mdogo wake, na hakugonga.

Tulipofika kwenye ile mifereji Dereva alishuka, akaikagua kwa miguu, akarudi anatikisa kichwa. Springi zozote, hata zake, zingeangusha upande mmoja wa gari kwa ghafla. Bwana Mganga akaingia kwenye nyumba za karibu kueleza. Sikutarajia kilichofuata. Watu walitoka na mapanga, wakaangusha migomba iliyokwisha kuzaa, wakailaza ndani ya mifereji. Wanawake wa mashine ya kukoboa walileta pumba kwa magunia, wakazimwaga juu. Wakazikanyaga kwa miguu, wazee kwa vijana, huku Dereva akiwaelekeza, hapa ongeza, hapa shindilia, bila kumtukana mtu hata mmoja. Kisha wakasimama kando, gari likapita juu ya migomba na pumba. Nilikuwa nyuma nimemshika yule baba kichwa. Nilihisi gari linashuka, linainuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Alikuwa ananitazama.

"Tumeshavuka?" akaniuliza.

"Tumeshavuka," nikamwambia.

Alitembea. Ilichukua muda mrefu, na alitembea kwa fimbo kwanza, lakini alirudi Makwale kwa miguu yake kutoka kituo cha mabasi, na mpunga uliofuata alivuna mwenyewe. Alileta kituoni kikapu cha ndizi na mafuta ya mawese. Bwana Mganga alisema kazi ilikuwa ya watu wa hospitali. Mimi nilisema ilikuwa ya wote. Dereva aliulizwa akasema, "Ilikuwa yangu, na wao walinisaidia." Tulicheka, lakini hakuna aliyembishia.

Baada ya hapo habari zilienea. Walikuja madereva wa vituo vingine, mpaka wa Tukuyu, kutazama chini ya gari letu. Aliwaonyesha bila kuficha kitu, akawachorea ardhini kwa kijiti urefu wa mabamba ya kuacha na ya kutoa, akawaonya juu ya kosa lake la kwanza kama vile lilikuwa la mtu mwingine. Wakimsifu alikubali sifa zote. Niliwahi kumwambia apunguze. Akanijibu kwamba amelala chini ya gari hilo miezi mingapi, mchanga unamwingia masikioni, na sasa anaambiwa asifurahi. Nikaona ana haki. Na nikiwa nyuma, nikimtazama mgonjwa aliyesinzia, nami nilijiona mtu mkubwa. Akina mama wa Talatala walianza kusema kwamba gari letu linabembeleza.

*

Macho yake yalipungua nguvu kabla ya mwili. Alijigundua mwenyewe, akarudisha funguo mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Yeye na mke wake wakahamia Kyela mjini kwa mtoto wao, mimi nikabaki kituoni, na kwa kipindi kirefu tukawa watu wa kutumiana salamu.

Nilikutana naye siku ya soko. Nilikuwa nimetoka hospitali nikipita mtaa wa maduka, nikaona umati mdogo wa watu wanaopisha njia. Katikati alikuwa Dereva, amekonda, kofia ile ile ya kufuma, anasukuma kiti cha magurudumu. Mke wake ndiye aliyekaa. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia, lakini kanga ilikuwa safi na ulimi ulikuwa umerudi.

"Nesi," Dereva akasema, aliponisikia nikimwita. "Njoo utazame."

Hakunisalimia kwanza. Aliinama akauweka mkono wangu chini ya kiti. Alikuwa ameondoa kitambaa kigumu cha kukalia akasuka mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande, na chini yake akafunga springi ndogo za tandiko la baiskeli, nne. Magurudumu madogo ya mbele aliyavika raba.

"Kilikuja kigumu," akasema. "Mtu mwenye kiharusi utamkalishaje kwenye kitu kama kile?"

"Usimsikilize sana," mke wake akaniambia, akinipa mkono wa kushoto. "Habari za nyumbani? Watoto? Twende, usisimame juani, tutembee tukiongea."

Tukatembea. Nilikwenda kando ya kiti. Akaniuliza kuhusu kituo, kuhusu Bwana Mganga, nikamjibu. Kisha akasema, "Unajua, mwanangu, miaka yote ile nilikaa na mtu huyu. Usiku kucha mabamba, grisi, mama gani kalala usingizi njia nzima. Dunia nzima imelipanda lile gari. Mimi sikulipanda hata siku moja."

"Hukuumwa," Dereva akasema nyuma yetu.

"Nilimwomba anipeleke Matema kwenye harusi ya mdogo wangu. Alinambia nipande lori la mchele."

"Ulikuwa mzima."

"Nilikuwa mzima, ndiyo." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Basi sasa ni zamu yangu."

Mbele yetu mtaro wa maji ya mvua ulikata barabara, mpana, kingo zake mawe matupu. Dereva aliusikia kwa mguu. Akasimama, akakigeuza kiti nyuma mbele, akaanza kushuka kwa kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, mwili wake mwembamba umekingama kati ya kiti na mteremko. Nikanyoosha mikono nisaidie. Akatikisa kichwa. Mke wake alikuwa ananisimulia jinsi mkwe wake alivyojifungua mapacha, wa kiume wote, na mmoja kafanana na babu yake kwa kelele. Kiti kikashuka kwenye mawe, kikavuka maji, kikapanda ng'ambo ya pili, na sauti yake haikukatika wala kutetemeka hata kwenye neno moja. Aliendelea kusimulia mpaka tulipofika kwenye kivuli cha duka. Hapo ndipo alipogeuka kumtafuta mume wake.

"Mbona unahema?" akamwuliza. "Kwani tumevuka wapi?"

Dereva alitoa kitambaa mfuko wa nyuma, akajifuta uso, akanigeukia mimi kwa yale macho yasiyoona vizuri.

"Umemsikia?" akaniuliza.